Kufupisha sentensi unapoandika muhtasari wa ngano kwa Kiingereza

Meseji zinazoingia kwenye kipindi chetu cha hadithi za jioni si za salamu tu. Wanafunzi hututumia ngano walizosikia nyumbani, wamezifupisha kwa Kiingereza, wanatuuliza kama ziko sawa. Ngano yenyewe mara nyingi iko sawa. Kinachosumbua ni sentensi. Inaanza asubuhi inaisha jioni, na nukta unaiona mara moja tu, mwishoni.

Mzazi mmoja alitupigia simu studio akatueleza kwamba binti yake wa kidato cha kwanza aliandika hadithi ya bibi yake, daftari likarudi limejaa wino mwekundu. Tangu siku hiyo mtoto anasema hadithi za bibi haziandikiki kwa Kiingereza, na bibi akianza kusimulia, yeye anatafuta kazi ya kufanya jikoni. Tulipoomba tusomewe alichoandika, tulikuta hadithi nzuri imebanwa ndani ya sentensi mbili. Ndiyo maana tumeandika makala hii. Ihifadhi kwenye simu yako, uisome taratibu, na kama una mtoto anayesoma, msome pamoja.

Tukumbushane kwanza mtoto huyu anatoka wapi. Hapa Tanzania, shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari masomo karibu yote huhamia Kiingereza. Kwa hiyo mtoto amesikia ngano kwa miaka kumi na zaidi kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao, halafu ghafla anaambiwa aieleze kwa Kiingereza, tena kwa maneno yasiyozidi 80. Hajapewa lugha mpya tu. Amepewa pia namna mpya ya kupanga sentensi, na hiyo ya pili mara nyingi hakuna anayemweleza.

Kufupisha hadithi na kufupisha sentensi

Hizi ni kazi mbili, na watu wengi huzichanganya. Kufupisha hadithi ni kuchagua matukio: lipi libaki, lipi litoke. Kufupisha sentensi ni kuamua nukta iwekwe wapi na maneno gani yaondolewe bila tukio kupotea. Unaweza kuwa na muhtasari mfupi wa maneno 60 ulioandikwa kwa sentensi moja ndefu isiyosomeka. Unaweza pia kuwa na sentensi fupifupi nzuri zilizojaza kurasa tatu, hapo hujafupisha hadithi hata kidogo.

Ushauri wetu ni kuanza na matukio. Chagua yatakayobaki, kwa lugha yoyote unayoijua vizuri. Ukimaliza hapo ndipo uanze kuhangaika na sentensi za Kiingereza. Anayefanya yote mawili kwa wakati mmoja huishia kukata palipo rahisi kukata, na palipo rahisi huwa ndipo penye kiini cha ngano.

Silabi ya -ka- na kazi yake

Kiswahili kina silabi ndogo yenye kazi kubwa. Sikiliza: "Sungura akaamka, akanawa, akachukua jembe, akaenda shambani kwa Fisi, akamkuta amelala, akacheka." Hapo pana vitenzi saba, sita vina -ka-. Msimuliaji hodari anaweza kwenda hivyo dakika nzima na watoto wasichoke, kwa sababu kila -ka- inawaambia: hiki kilifuata kile. Ni kama shanga kwenye uzi.

Kiingereza hakina silabi hiyo. Mwanafunzi anapoitafuta, anachokipata karibu ni neno "and", naye analitumia kila mahali ambapo angesema -ka-:

"The hare woke up and he washed and he took a hoe and he went to the farm of the hyena and he found him sleeping and he laughed."

Kila kitenzi hapo kiko sahihi. Lakini msomaji wa Kiingereza anaona "and" tano na "he" tano, na hajapata mahali pa kupumua. Sasa tazama hii:

"The hare took a hoe and went to the hyena's farm. The hyena was asleep. The hare laughed."

Tumefanya nini? Tumeondoa kuamka na kunawa, maana havibadilishi chochote kwenye hadithi. Vitendo viwili vya mtu yuleyule, kuchukua jembe na kwenda, tumeviunganisha kwa "and" moja bila kurudia "he". Alipoingia mhusika mwingine, yaani Fisi aliyelala, tumeweka nukta na kuanza upya. Na "the farm of the hyena" imekuwa "the hyena's farm". Maneno matano yamegeuka matatu. Kiswahili husema shamba la Fisi na mwanafunzi hulifuata hilo "la" neno kwa neno, kumbe Kiingereza kina njia ya mkato.

Jambo la kushika hapa ni hili: ukiandika sentensi za Kiingereza za wakati uliopita moja baada ya nyingine, msomaji anaelewa mwenyewe kwamba la pili lilifuata la kwanza. Huhitaji kumwambia kila mara. Kazi ambayo -ka- inaifanya kwa Kiswahili, kwa Kiingereza nukta inaweza kuifanya. Hata "then" usiipande kila mstari kama mahindi. Moja au mbili kwenye muhtasari mzima zinatosha.

Kipimo chepesi: mhusika akibadilika, weka nukta. Mahali pakibadilika, weka nukta. Siku ikibadilika, weka nukta.

Virejeshi vinavyorefusha bila faida

Chanzo cha pili ni "ambaye" na "aliyekuwa". Kwa Kiswahili tunasema "kima aliyekuwa akiishi juu ya mti uliokuwa kando ya bahari" na masikio hayalalamiki. Kwa Kiingereza inakuja: "There was a monkey who was living on a tree which was near the sea." Maneno 15. Ondoa "there was", ondoa "who was", ondoa "which was", utabaki na: "A monkey lived in a tree by the sea." Maneno tisa, na hakuna kilichopotea.

Hatusemi "who" na "which" ni maneno mabaya. Yana kazi pale ambapo pasipo hayo msomaji angechanganya kima huyu na kima yule. Kwenye ngano nyingi kuna kima mmoja tu.

Mazungumzo yabebwe na kitenzi kimoja

Ngano zetu zina maneno mengi ya wahusika. Simba anauliza, Sungura anajibu, Simba anauliza tena. Hiyo ndiyo raha yake redioni, tunabadilisha sauti na watoto wanacheka. Kwenye muhtasari, mazungumzo ya mistari kumi yanapaswa kuingia ndani ya kitenzi kimoja. Hapa ndipo tunaona wanafunzi wengi wanapoteza maneno yao, kwa sababu wanajua "told" na "said" tu, kisha wanalazimika kueleza kila kitu baada yake.

Tazama "The hyena told the hare that he should please give him some meat because he was hungry." Ni maneno 17. Ukijua kitenzi "begged", yaani kuomba kwa unyonge, unaandika "The hyena begged for meat" na kuendelea na safari. Anayebembaleza mpaka mtu hatakiwi tena kujieleza sana.

Vitenzi vya namna hii si vingi, na mtoto anaweza kuvikariri kwa wiki moja. "Asked" ni kuuliza au kuomba. "Refused" ni kukataa, "agreed" ni kukubali. "Promised" ni kuahidi, nayo hutokea karibu kila ngano yenye urafiki. "Warned" ni kuonya. "Boasted" ni kujisifu, mpe Simba au Tembo. "Lied" ni kusema uongo, mpe Sungura. "Invited" ni kualika. "Tricked" ni kuhadaa. "Blamed" ni kumtupia mwingine lawama. Kwa vitenzi hivi kumi na "begged" ukiongeza, unaweza kufupisha sehemu kubwa ya ngano tunazozijua. Tungefurahi kuona vimeandikwa nyuma ya daftari.

Mfano mzima: Kima na Papa

Tuchukue ngano moja tuifanyie kazi kutoka mwanzo hadi mwisho. Tumechagua ya Kima na Papa kwa sababu wasikilizaji wetu wa pwani na wa bara wote wanaijua kwa namna moja au nyingine. Ni ngano iliyosafiri. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyeishi Zanzibar na baadaye akawa askofu, aliichapisha London mwaka 1870 katika kitabu cha hadithi za Kiswahili, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza mkabala wake. Mwaka 1901 George Bateman akaitoa tena kwa Kiingereza huko Chicago. Lakini mizizi yake ni ya mbali zaidi. India iko kwenye Panchatantra, na huko anayemhadaa kima ni mamba. Kwenye Kalila wa Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu katika karne ya 8, ni kobe. Ilipofika pwani yetu akawa papa, kama ilivyo haki kwa watu wa bahari.

Hadithi yenyewe kwa ufupi wa Kiswahili ni hii. Kima alikaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari. Kila siku alimtupia Papa matunda, wakawa marafiki. Siku moja Papa akamwambia twende kwetu nami nikukirimu. Kima akapanda mgongoni. Walipofika katikati ya maji, Papa akafichua kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwa utulivu: ungeniambia mapema, sisi kima tukitembea moyo tunauacha mtini. Papa akageuka ili waufuate. Kima akaruka juu ya mti, na hakushuka tena.

Mwanafunzi wa kawaida angeanza hivi. Mfano huu tumeutunga wenyewe, lakini unafanana sana na tunavyoletewa:

"Once upon a time there was a monkey who was living on a big tree which was near the sea and he had a friend who was a shark and every day the monkey was throwing for him fruits and the shark was eating and one day the shark told him that he wants to take him to his home so that he can pay him for his kindness and the monkey agreed and he sat on the back of the shark and they went."

Maneno 85, sentensi moja, na hatujafika hata kwenye moyo. Kama mtihani umetoa nafasi ya maneno 80, mtoto huyu amekwisha kabla ya hadithi kuanza. Tuipitie kwa hatua tulizozitaja. "Once upon a time there was" inatoka. Virejeshi vitatu vinatoka. "Was throwing" inakuwa "threw". Papa kula matunda hatuna haja ya kusema, akitupiwa atakula. "Told him that he wants to take him to his home" yote inaingia ndani ya "invited him home". Tunapata:

"A monkey lived in a tree by the sea. Every day he threw fruit to his friend, the shark. One day the shark invited him home. The monkey agreed and climbed on his back."

Maneno 34, sentensi nne. Tumeokoa maneno zaidi ya 50, na sasa tuna nafasi ya sehemu yenye uzito:

"At sea, the shark told the truth. His king was sick and needed a monkey's heart. The monkey stayed calm. He said that monkeys leave their hearts in trees. The shark believed him and turned back. The monkey jumped into his tree and never came down."

Jumla ni maneno 80 kamili, sentensi kumi. Hakuna sentensi iliyozidi maneno kumi. Mwanafunzi mwenye Kiingereza cha kawaida anaweza kuziandika zote bila kamusi.

Angalia tulichokiacha kwa makusudi: "He said that monkeys leave their hearts in trees." Hiyo ndiyo sentensi ambayo huwezi kuiondoa. Tumepokea mihtasari iliyosema "the monkey deceived the shark and escaped" ikaishia hapo. Sarufi ni safi na maneno ni machache, lakini ngano imekufa, kwa sababu hatujui alimdanganya vipi, na huo uongo ndio watu wamekuwa wakiusafirisha kutoka India mpaka Zanzibar. Karibu kila ngano ina sentensi kama hii. Jiulize ni jambo gani ambalo mtoto akilisikia anacheka au anashtuka. Hilo libaki, hata kama limekula maneno tisa.

Tumebadilisha pia wakati wa vitenzi. "The shark told him that he wants" si sahihi, kwa Kiingereza inapaswa kuwa "wanted". Sentensi ikiwa ndefu, kosa hilo hujificha. Ikiwa fupi, mtoto analiona mwenyewe.

Ngano ndani ya meseji moja

Wengi wenu mnatutumia kwa meseji ya kawaida. Meseji moja hubeba herufi 160, nafasi na alama zikihesabiwa. Mhandisi Mjerumani Friedhelm Hillebrand, mwaka 1985, aliandika sentensi za kawaida na kuzihesabu, akaona nyingi haziziditi hapo. Ukipita 160, simu inagawa ujumbe vipande vya herufi 153 na kila kipande hulipiwa kama meseji. Ukiweka emoji hata moja, kikomo kinashuka hadi 70. Kwa hiyo kicheko cha mwisho wa meseji kinaweza kukugharimu.

Kima na Papa wanaingia humo? Wanaingia:

"A monkey's friend, a shark, wanted his heart. The monkey said he had left it in his tree. The shark took him back, and the monkey escaped."

Herufi 138. Tulikuwa tumeandika mwanzo "and he escaped", ikawa 130. Lakini "he" huyo ni nani, Papa au Kima? Sentensi imeanza na Papa, kwa hiyo msomaji asiyeijua hadithi angeweza kudhani Papa ndiye aliyekimbia. Tukalipa herufi nane zaidi. Kiswahili kina tatizo lilelile, "akakimbia" haituambii nani, ila msimuliaji anatumia mkono na macho. Kwenye karatasi huna mkono. Kila wahusika wawili wanapokuwa ndani ya sentensi moja, taja jina tena badala ya "he".

Na hapo hapo, swali la "he", "she" au "it". Kiswahili hakitutaki tuchague, Kima ni yeye basi. Kiingereza kinataka. Ngano nyingi za Kiingereza humwita mnyama anayeongea "he" au "she", na wengine hutumia "it". Chagua moja kwa kila mhusika na usibadilishe njiani. Kima aliyeanza "he" akaishia "it" anamchanganya msomaji kuliko kosa lolote la tahajia.

Fupi kupita kiasi

Kuna mwanafunzi akishasikia haya anaenda upande wa pili: "The monkey was clever. He was small. He was in a tree. He saw a shark. The shark was hungry." Hiyo nayo inachosha, ni kama gari la abiria linalosimama kila nyumba. Vitendo viwili vinavyoshikana, vya mhusika mmoja, viweke pamoja: "The shark believed him and turned back." Kuamini na kugeuka ni jambo moja.

Zipo hata ngano ambazo urefu wa sentensi una maana. Mojawapo ni ya mwalimu Goso, nayo imo katika kitabu hicho cha Steere. Goso alikuwa akifundisha watoto chini ya mbuyu. Paa akapanda kuiba, buyu likaanguka kichwani kwa mwalimu, akafa. Wanafunzi wakamlaumu upepo wa kusi. Kusi akasema, ningekuwa na nguvu, ukuta ungenizuia? Wakaenda kwa ukuta, ukuta ukamtaja panya, panya akamtaja paka, paka kamba, kamba kisu, kisu moto, moto maji, maji ng'ombe, wakaendelea mpaka wakamfikia paa, naye akakosa la kusema.

Ukiikata hiyo vipande vipande unapoteza mwendo wake. Sisi tungeiandika hivi: "A gazelle stole fruit and knocked a calabash onto a teacher. He died. His students blamed the wind, but the wind blamed the wall, the wall blamed the rat, the rat blamed the cat, and so it went on. At last they reached the gazelle. She had nothing to say." Sentensi ya kati ni ndefu na tunaiacha iwe ndefu, kwa sababu msomaji anapaswa kuhisi lawama inavyozunguka. Zilizo kabla na baada yake ni fupi, kwa hiyo anapumua.

Majina machache ya kuangalia

Sungura wa ngano zetu ni "hare", yule wa porini, si "rabbit" wa kufugwa bandani. Kobe ni "tortoise". Kasa wa baharini ni "turtle". Kima na tumbili ni "monkey", nyani ni "baboon". Chui ni "leopard" na duma ni "cheetah", usiwabadilishane maana tabia zao kwenye ngano ni tofauti. Kwenye muhtasari huhitaji kuandika "the clever animal called hare". "The hare" inatosha.

"Paukwa! Pakawa!" hailazimiki kutafsiriwa. Ni mwito wa kuwakusanya watu, na msomaji wa muhtasari ameshafika. Vivyo hivyo "chubwi!" ya kuanguka majini na "akatembea, akatembea, akatembea". Kwa Kiingereza "he walked for days" inabeba yote. Funzo la ngano, kama swali limeliomba, liwe sentensi moja tu mwishoni. Kama halikuombwa, liache. Tumeona mihtasari ambayo robo nzima ni mawaidha.

Jaribio la pumzi

Sisi watangazaji hufundishwa kwamba sentensi ya habari iweze kusomwa kwa pumzi moja. Mtoto aisome kazi yake kwa sauti. Akikatika pumzi katikati, pale alipokatika ndipo nukta ilipotakiwa kuwa. Simu nyingi, hata zile za vitufe, zina sehemu ya kurekodi sauti, wala haihitaji bando. Ajirekodi, asikilize. Sikio hukamata "and" nyingi haraka kuliko jicho.

Kama wewe mzazi, mlezi, babu au bibi hujui Kiingereza, bado unaweza kumsaidia, pengine kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu hadithi ni yako. Mwambie akusimulie kwanza kwa lugha ya nyumbani. Kisha umuulize maswali manne: Nani huyo? Alitaka nini? Nini kilimzuia? Alipataje, au alikosaje? Kila jibu awe ameweza kulisema kwa pumzi moja kabla hajashika kalamu. Akikujibu kwa hadithi nzima, mkatize kwa upole, umuulize tena. Hayo majibu manne ndiyo mifupa, na Kiingereza chake atakipanga juu yake. Hadithi ndefu yenyewe mrekodi bibi akiisimulia yote, na Paukwa yake na chubwi zake. Muhtasari ni wa mwalimu. Ile ndefu ni ya nyumbani.

Zoezi

Papa aliporudi chini ya mkuyu akaita, "Shuka twende," Kima alimjibu: unanifanya mimi punda wa dobi? Ndipo ikaja ngano ndani ya ngano. Simba alikuwa mgonjwa, akamtuma Sungura amletee nyama. Sungura akamkuta punda wa dobi, akamdanganya kwamba anaposwa, akampeleka kwa Simba. Simba akamrukia, lakini hakuwa na nguvu, punda akatoroka. Siku nyingine Sungura akamfuata tena kwa maneno matamu, punda akarudi, na safari hii Simba akamuua. Simba akaagiza achukuliwe moyo na masikio. Sungura akavila yeye. Simba alipodai, Sungura akasema punda yule hakuwa na moyo wala masikio, angekuwa navyo angerudi mara ya pili?

Iandike kwa Kiingereza kwa sentensi nane, isizidi maneno 70, wala sentensi isizidi maneno 12. Jibu la Sungura lisikosekane. Ukituma kwa meseji, gawa mwenyewe katika meseji tatu, sentensi zisikatwe katikati, na uandike namba 1, 2 na 3 mwanzoni mwa kila moja, kwa sababu wakati mwingine hufika studio zimepinduana.